Bomba Linalopumzika

Nyumba ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu aliposhuka kwenye gari.

Hakuwa inspekta tena. Alistaafu polisi akarudisha kila kitu cha serikali isipokuwa jina, maana watu walikataa kumvua. Siku hizi kazi yake ilikuwa kuwachunguzia watu nyumba kabla hawajazinunua, wasije wakauziwa mbuzi kwenye gunia. Leo hakuwa na mteja wa kumlipa. Mnunuzi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mkunga, mwanamke mwenye mikono mipole na ulimi usio na upole hata kidogo, na hii ilikuwa nyumba ya nne.

Ya kwanza ilikuwa imeshauzwa kwa watu wengine wawili. Ya pili hati yake ilikuwa imelala benki. Ya tatu ilijengwa kwenye hifadhi ya barabara, na alama nyekundu ya kubomolewa ilikuwa imefichwa nyuma ya tangi la maji. Zote tatu Inspekta ndiye aliyegundua, na mara zote tatu mkunga alilia kwanza, kisha akamnunia dada yake kana kwamba ndiye aliyeipaka ile alama.

"Hii ukiiharibu nahamia kwako," mkunga alisema wakiwa bado getini. "Mimi, watoto wawili, na kabati langu la vyombo."

"Hilo kabati halipiti mlangoni kwangu."

"Basi omba nyumba iwe safi."

Aliusema utani huo bila kucheka. Mwenye chumba alichopanga alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi ahame, na mchana huu wakili alikuwa ofisini akiwangoja, mkataba uko mezani. Mkononi mkunga alishika utepe wa kupimia, ule wa chuma unaojikunja wenyewe. Aliununua siku ya nyumba ya kwanza, na mpaka leo haujapima kitu kilichokuwa chake.

Dalali aliwapokea kwa makofi. Jina lake halisi hakuna aliyelijali. Mji mzima ulimwita Funguo kwa sababu ya bonge la funguo lililoning'inia kiunoni mwake na kulia kila alipopiga hatua. Nyuma yake alisimama muuzaji, mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama.

"Inspekta mwenyewe!" Funguo alisema. "Leo nakuomba usiikamate nyumba yangu. Haina kosa."

"Wote husema hivyo."

Muuzaji hakutabasamu. "Mimi ni mtoto wa pekee wa marehemu. Nyumba ni tupu, mama. Tangu tumzike baba, miezi minane sasa, hakuna mtu aliyelala humu."

Inspekta aliyaweka maneno hayo kichwani neno kwa neno. Katika miaka yote ya kuhoji watu alikuwa amejifunza kwamba mtu huchagua maneno yake ya kwanza kwa uangalifu, na kwa hiyo ndiyo ya kuanza kuyachunguza.

Karatasi alikwisha kuzimaliza wiki iliyopita. Alikwenda ofisi ya ardhi kwa miguu yake, hakumtuma mtu, akahakikisha hati ni halisi, haina rehani wala zuio, na jina lililomo ni la marehemu. Mahakamani alikuta usimamizi wa mirathi umetolewa kihalali kwa mwanawe. Kila muhuri ulikuwa mahali pake. Lakini karatasi husema nyumba ni ya nani. Hazisemi nani yumo ndani. Hilo lilihitaji magoti.

Akaanza. Aligonga vigae kwa kifundo cha kidole, akisikiliza vilivyo na uwazi chini yake. Alipitisha kiganja ukutani, chini karibu na sakafu, mahali ambapo unyevu hupanda kimyakimya. Aliwasha na kuzima kila swichi. Alipanda ngazi, akasukuma mfuniko wa dari, akamulika mbao za paa kwa tochi, akashuka na utando kwenye nywele.

"Umepata nini?" mkunga aliuliza.

"Buibui."

"Yumo kwenye hati?"

Funguo alicheka peke yake.

Chumba kikubwa cha kulala kilikuwa kimepakwa rangi mpya, rangi ya maziwa. Mkunga alivua viatu kizingitini kabla ya kuingia, hakuna aliyemwambia avue. Akaenda mpaka dirishani, akaunyoosha utepe kutoka kona hadi kwenye fremu, akausoma, kisha akapima tena kwa kutoamini.

"Kitanda changu kinakaa hapa," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Chini ya dirisha kabisa. Kinaingia, na nafasi inabaki."

Kwa miaka yote aliyopanga, kitanda chake kilikaa nyuma ya pazia, na upande wa pili wa pazia walilala watoto. Inspekta alimtazama akaona furaha imemjaa usoni mpaka haina pa kwenda, na yeye mwenyewe akaingiwa na hofu. Akaondoka upesi kwenda bafuni.

Huko alipiga magoti, akainamisha uso juu ya shimo la kutolea maji sakafuni, akanusa. Akanusa tena.

"Jamani, Inspekta," Funguo alisema mlangoni, "hata mbwa wa polisi wana mipaka yao."

Shimo la bafu lisilopata maji kwa miezi minane hukauka, na likikauka uvundo wa majitaka hupanda ukajaa chumba. Hapa palinukia sabuni.

"Mafundi wa rangi walikuwa wakioga humu?" alimuuliza muuzaji.

"Ndiyo. Mafundi."

"Walimaliza lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Na sabuni yao bado inanukia."

"Mama, mimi si mtu wa sabuni. Wakili anatungoja."

Jikoni Inspekta alisimama katikati, akageuka taratibu. Milango yote ya nyumba ilikuwa imepakwa rangi upya isipokuwa mmoja, mlango wa nyuma. Ulikuwa wa mbao za zamani zilizobanduka, na chini kushoto, usawa wa goti, palikuwa na doa laini linalong'aa, kama mpini wa jembe la zamani. Aliusukuma kwa kiganja, haukusogea.

"Nyuma ya huu kuna nini?"

"Stoo ya uani. Makorokoro ya marehemu. Ufunguo ulipotea."

Inspekta alimgeukia Funguo. Funguo alitazama bonge lake, kisha akatazama dari, mtu aliyekuwa na neno la kusema juu ya kila kitu tangu asubuhi.

"Twendeni kwenye mita," Inspekta alisema.

Hii ilikuwa kanuni yake, na wateja wengi waliiona kichekesho. Hakuondoka kwenye nyumba yoyote bila kufunga mabomba yote na kukaa mbele ya mita ya maji akiikodolea macho kama mtu anayelinda maziwa yasichemke yakamwagika. Nyumba tupu iliyofungwa mabomba haina sababu ya kunywa maji. Ikinywa, kuna jambo.

Alimtuma mkunga azungukie vyumba vyote.

"Yote yamefungwa!" sauti ilitoka ndani.

Inspekta alifunua kifuniko karibu na geti, akachuchumaa. Chini ya kioo cha mita, kigurudumu kidogo chekundu kilikuwa kikizunguka.

"Kinatembea," alisema.

Muuzaji alikuwa ameshafika juu ya bega lake. "Hilo ni tangi la choo. Linavuja kidogo. Fundi nitamtafuta mimi, na tuandike hata kwenye mkataba."

Lilikuwa jibu zuri. Nusu ya nyumba alizowahi kukagua zilikuwa na tangi la choo linalovuja, na Inspekta alitamani kuliamini, kwa ajili ya ule utepe na lile dirisha. Akaenda chooni, akafunga koki ya tangi, akarudi kuchuchumaa. Kigurudumu kilikuwa kimesimama.

"Si nilikwambia?" Muuzaji alishusha pumzi ndefu.

Mbele ya macho yao, kigurudumu kikaanza tena.

"Basi ni mabomba ya chini," muuzaji alisema. "Ni ya zamani. Yanavuja ardhini."

"Ardhini wapi?"

"Nitajuaje, mama? Ardhini!"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Inspekta hakuwa na haraka ya kufika mwisho wake. Alibaki pale pale, magoti yakimlalamikia. Kigurudumu kilizunguka kidogo, kikasimama. Kikatulia. Kikazunguka kidogo tu, kikasimama, kikatulia zaidi. Kisha kikazunguka kwa nguvu, na kikasimama tena.

"Bomba linalovuja halipumziki," alisema hatimaye. "Linavuja usiku na mchana kwa mwendo uleule, halichoki. Hili linapumzika. Kuna mkono juu yake."

Funguo alilishika bonge lake lisilie.

"Mnanunua au hamnunui?" Sauti ya muuzaji ilikuwa imepanda. "Nina mteja mwingine, anangoja simu yangu tu. Sikuja hapa kuhojiwa habari za maji!"

Mkunga alitoka mbio aliposikia kelele, bado yuko peku. "Kuna nini? Dada, kuna nini tena? Usiniambie."

"Sikwambii. Chuchumaa uangalie mwenyewe."

"Sitaki! Kila nyumba unaangalia mpaka unapata. Wewe hata peponi utaanza kwa kugonga vigae."

"Angalia."

Mkunga akachuchumaa kwa hasira, bega kwa bega na dada yake. Kigurudumu kilizunguka kidogo, kikasimama.

"Mtu amelowesha chombo," Inspekta alisema polepole. "Amefunga bomba. Sasa anapaka sabuni."

Kigurudumu kilitulia.

"Anafungua. Anasuuza. Anafunga. Anachukua chombo kingine."

Kikazunguka, kikasimama, kikatulia, kana kwamba kilikuwa kikimtii.

"Wanao wakiosha vyombo bomba linamwagika tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi pia, Mungu anisamehe. Anayefunga bomba kila anapopaka sabuni ni mtu aliyewahi kuyabeba maji kichwani kutoka mbali. Hata umpe mto mzima uani kwake, atafunga."

Mama yao alikuwa akiosha vyombo hivyo hivyo mpaka mwaka wake wa mwisho, na ole wako akukute umeliacha bomba linamwagika. Kofi lilikuja na povu lake.

"Mama," mkunga alisema.

"Mtu kama mama. Ndiyo."

Mkunga alisimama. Hakumtazama muuzaji hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja ndani, jikoni, miguu yake mitupu ikipiga vigae. Muuzaji alimkimbilia. "Dada, subiri, huko hakuhusiani na mauzo, ni stoo tu..." Lakini Funguo alikuwa amewahi kuuziba mlango wa jikoni kwa kitambi chake chote.

"Mwache," Funguo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akitania. "Hata mimi uliniambia ni stoo. Nikauliza ufunguo, ukaniambia niachane nao. Nikaachana nao. Kosa langu hilo."

Mkunga akagonga zile mbao za zamani. "Hodi!"

Upande wa pili, bomba likafungwa. Sauti ya mwanamke mzee, kavu na yenye haraka, ikajibu.

"Karibu! Haujafungwa huo. Sukuma kwa goti, chini kushoto."

Mkunga akaweka goti kwenye lile doa linalong'aa, akasukuma. Mlango ukafunguka bila ubishi.

Nyuma yake palikuwa na ua mdogo, chumba kimoja chenye pazia, na bomba fupi juu ya beseni. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa amekunja mikono ya gauni, sahani mkononi. Kimo chake kilimfikia mkunga begani. Aliiweka sahani kwenye kichanja, akajifuta mikono, akaingia jikoni kwa mwendo wa mwenye nyumba.

"Mmechelewa," alisema. "Wiki tatu nimewekwa nyuma kama kuku eti nisivute vumbi la rangi. Naruhusiwa kuja kuoga tu, alfajiri. Na kila siku huyu kijana ananiambia mafundi wa madirisha wanakuja kesho, wanakuja kesho." Macho yake yakatua kwenye utepe wa mkunga. "Ahaa. Kumbe ndio nyinyi."

"Shangazi," muuzaji alisema nyuma ya Funguo. "Nilikwambia upumzike."

"Nipumzike na vyombo viko kwenye beseni? Vitajiosha?"

Inspekta alisogea mbele. Alikuwa na maswali matatu tu, na aliyajua majibu kabla hajauliza. "Shikamoo, shangazi. Huyu ni nani wako?"

"Marahaba. Mtoto wa kaka yangu, ila nimemlea mimi. Mama yake alituachia hajui hata kufunga kamba za viatu. Leo ananitengenezea nyumba. Umeona rangi? Nilimwambia nataka ya maziwa, akanipa ya maziwa." Alilisema hilo kwa fahari wazi, na Inspekta, ambaye aliwahi kuhoji wauaji bila kupepesa macho, alilazimika kutazama sakafu.

"Na nyumba ilijengwa na nani?"

"Mimi na kaka. Huyu hajazaliwa, mimi nilikuwa mbali nafua mashuka ya hoteli, na kila nilichopata kilikuja hapa kikawa tofali. Yeye alikuwa karibu, akasimamia."

"Akaandikisha kwa jina lake?"

"Sasa angeandikisha kwa jina la nani, na mimi niko kule mikono imezama kwenye sabuni? Alikuwa kaka yangu." Akamtazama Inspekta kwa mashaka. "Fundi wa madirisha anauliza mambo ya kuandikisha?"

"Mimi ni msimamizi wao," Inspekta alisema. "Tunauliza kila kitu."

Bibi akaguna, akawapita kwenda kukagua vyumba vyake. Muuzaji alimvuta Inspekta kwenye korido, uso umemlowa jasho na lile shati limeanza kulegea.

"Kisheria mrithi ni mimi," alinong'ona. "Umeziona karatasi. Yeye hana hata moja."

"Nimeziona."

"Ningempangia chumba kizuri. Ningemwambia."

"Lini?"

Muuzaji aliivuta kola ya shati.

"Mtu mwenye nia ya kumwambia mwenzake," Inspekta alisema, "hamwiti stoo."

Mkunga alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao, amesikia yote. "Dada. Usinibembeleze, usinitishe. Nikitia sahihi leo, nyumba ni yangu?"

Inspekta angeweza kusema hapana. Neno hilo lilimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini katika kazi hii hakuwahi kumdanganya mteja, na hakutaka kuanza na mdogo wake.

"Karatasi ni safi," alisema. "Bibi anaweza kwenda mahakamani kudai alijenga, na watamsikiliza. Lakini kesi za namna hiyo hula miaka, na yeye hana miaka ya kulisha mahakama. Ukitia sahihi itakuwa yako."

"Kwa hiyo naweza."

"Unaweza."

Simu ya Funguo ikalia. Akaitazama. "Wakili," alisema kwa sauti ndogo, akaiacha ilie mkononi mwake. Muuzaji alimkazia mkunga macho, na mkunga akauminya utepe mpaka vidole vikambadilika rangi. Alikuwa akifikiria mwisho wa mwezi. Haikuhitaji upelelezi kulijua hilo.

"Fundi!" shangazi aliita kutoka chumba kikubwa. "Wewe mwenye utepe! Njoo huku!"

Mkunga akaenda. Wote wakamfuata. Shangazi alikuwa amesimama chini ya dirisha, mgongo ukutani, mikono ameinyoosha pande zote mbili kuonyesha urefu.

"Hiki kilikuwa chumba cha kaka," alisema. "Mimi miaka yote nimelala kule nyuma. Sasa kijana anasema kitakuwa changu. Kitanda nataka kikae hapa, chini ya dirisha kabisa, niamke nione watu wanaopita. Hebu pima uniambie ukweli. Kitaingia?"

Muuzaji alijiegemeza kwenye fremu ya mlango, akafunika uso kwa mkono. Inspekta akamsogelea sikioni. "Utamwambia wewe leo, au nitamwambia mimi. Na wiki ijayo nampeleka ofisi ya ardhi aweke zuio. Chagua utakuwa upande gani." Muuzaji hakuinua uso.

Simu ililia tena. "Funguo," mkunga alisema bila kugeuka, "mwambie wakili asitungoje."

Kisha akamtazama mwanamke mzee aliyekuwa bado amenyoosha mikono. Hakuufungua utepe.

"Kitaingia, shangazi," alisema. "Na nafasi inabaki. Nimeshapima."

Inspekta aliinama kizingitini, akaviokota viatu vya mdogo wake, akavishika mpaka atakapovitaka. Alipokuwa amesimama hapo alianza kufikiria mlango wa nyumba yake, upana wake, bawaba zake, na jinsi lile kabati la vyombo litakavyopita.